Kwa Kilo, kwa Gramu

Anaeli Nnko aliingia dukani na ovaroli yake,
mikono kaisugua kwa sabuni ya unga na mchanga
lakini oili imo bado kwenye mistari ya viganja,
mito myeusi kwenye ramani.
Kabati la dhahabu hakulitazama.
"Nataka ile nyeupe," akasema. "Isiyokuwa fedha."

Fedha alishampa mkewe; ikasawijika.
Dhahabu nyeupe alishampa, ya mkopo wa kikundi;
mwaka wa pili weupe ukachujuka, njano ikachungulia,
na kidole kikamwasha
hadi Ndelilio akaitundika pete msumarini
pamoja na funguo za banda la kuku.

Nikamwambia: paladi.
Haina koti la kuchujuka. Weupe wake unaanzia ndani.

"Hutoka wapi?"

Hutoka miambani, mbali, chini sana.
Nyingine hutoka kwenye ekzosi,
kwenye lile kopo lenye vitundu kama sega la nyuki,
linalosafisha moshi wa gari.

Akanyamaza. Nje, manyunyu ya Juni.
Miaka ishirini na mbili Unga Limited,
mgongo sakafuni, uso chini ya magari ya watalii,
akikata masega yaliyozibwa na masizi,
akiyatupa pembeni na pedi za breki zilizolika.
Jumamosi hupita kijana wa skrepa na mzani wa ndoano.

"Nimeuza kwa kilo," akasema.
"Sasa nanunua kwa gramu."
Akacheka, lakini baadaye kidogo,
kama mtu aliyesubiri kwanza kuona itamuuma wapi.

*

Mimi madini haya nayapenda na kuyachukia.
Dhahabu huelewana na moto wangu mapema.
Paladi hukaidi
mpaka nyuzi elfu moja mia tano zimepita,
mpaka nivae miwani ya mchomeleaji.
Chungu cha kaboni haikitaki.
Na ikiyeyuka hunywa hewa, hunywa tu,
kisha ikipoa huicheua yote,
na pete yako inatoka na matundu kama andazi.
Ya Anaeli niliimwaga mara tatu.

Jirani yangu Sinyati, mlango wa pili, huchoma tanzanaiti.
Jiwe la Mirerani huingia motoni na ukahawia wa sukari guru
hutoka bluu,
na bluu hiyo haliivui tena.
Paladi nayo, ikipata joto la nusunusu, huvaa zambarau.
Mara ya kwanza nilimwita Sinyati aje aone.
Alipofika nilikuwa nimeongeza moto;
ilikwishaivua, imerudi nyeupe,
imetulia kama mtu aliyeulizwa jana alilala wapi.
Sinyati akaniangalia.
"Pumzika," akasema.

*

Alhamisi Ndelilio alikuja mwenyewe, kutoka Kilombero sokoni,
vumbi la maharage kwenye nyusi.
Akaiweka pete kiganjani, akakipandisha, akakishusha
kama anavyopima soya kabla ya kutaja bei.
"Nyepesi," akasema.
Akaipandisha tena. "Anaeli, wamekuibia."

Na Anaeli, aliyewahi kubeba giaboksi peke yake kifuani,
hakupata neno la kunyanyua.

Ningeweza kumweleza:
kwamba wepesi ndio umbo lake,
kwamba dhahabu ya ukubwa uleule ingemlemea akikanda unga,
kwamba ndani nimegonga 950, nambari ya usafi wake.
Nikaiweka tu mezani pa kupimia.
Tatu nukta sita.
Nikaigeuza mizani imwelekee.

Hakuisoma.
"Itoe," akasema. "Kwanza nione ikiwa tupu."

Nikaitoa pete.
Tukasubiri wote watatu, tumeinama,
namba zikiyumba kwa upepo wa mlango,
mpaka zikasimama kwenye sifuri.

Ndipo akajifuta mkono kwenye kanga,
akanipa kidole.